Walisogeza Kaburi la Bibi

Bibi yangu alikufa mchana, hospitalini Bwera, saa ambayo watu wanakula. Mimi nilikuwa Kasese, upande wa Bulembia, nafua nguo za mtoto. Mjomba wangu mkubwa alinipigia akasema, "Mama ametuacha," halafu papo hapo akaanza habari za hema, za wapishi, za gari la kubeba mwili. Nikasema sawa. Nikasuuza nguo zilizobaki, nikazianika. Jirani yangu, mke wa askari kama mimi, akaniuliza mbona nimekuwa hivyo. Nikamwambia bibi yangu amekufa. Akapiga yowe kwa niaba yangu. Nikamwacha apige.

Sikulia siku ile. Sikulia njiani, sikulia nilipofika. Watu wameniuliza sana, na wengine hawakuuliza, walisema tu pembeni kwamba nina roho ngumu, kwamba maisha ya kambini yameniharibu. Waseme. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa: unaugusa, hausikii, na unajua ukianza kusikia utajuta. Chini ya ganzi hiyo palikuwa na hasira, lakini hiyo haikuanzia siku ya msiba.

Bibi alikuwa mwanamke wa Karambi. Alizaliwa juu milimani, akashuka kuolewa akiwa msichana mdogo. Mume wake akafa mapema, akamwachia miti ya kahawa, muhogo na watoto. Hakuolewa tena. Siku za soko alibeba maharage kichwani mpaka mpakani Bwera, akawauzia Wakongo, na Kiswahili chake chote kilitoka huko: mutu, mutoto, beko wapi. Mimi nacho nilikiokota pale pale, nimekaa juu ya gunia lake. Ndicho ninachozungumza leo na mume wangu, aliyezaliwa mbali sana na milima hii.

Jumapili hakuuza. Wakongo waliwahi kumfuata mpaka mlangoni wakitaka maharage kwa bei yoyote, naye akawapikia chakula, akawalisha, akawaambia warudi kesho. Kila Jumamosi alifagia kanisa. Alijifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu, kwa sababu alishuku kwamba wasomaji wa kanisani wanaruka mistari. Alipoweza kusoma, akathibitisha. Kuanzia hapo alikaa mbele na Biblia yake wazi, akifuata kwa kidole, na msomaji akiruka mstari alikohoa.

Sala zake alizisali akisonga bundu, ule ugali wetu wa muhogo. Bundu haiachwi, ukiigeuzia mgongo imeungua. Basi aliinama juu ya chungu, mwiko mikononi, moshi machoni, akisema na Mungu kama anasema na mtu aliyekaa pale kwenye kigoda. Aliwataja watoto wake wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, halafu wajukuu, halafu vitukuu. Alitaja na waliokufa, kila mmoja mahali pake kwenye mstari, kama wanangoja kupakuliwa chakula.

Hapo lazima nieleze, maana si kila anayesoma ni wa kwetu. Kwetu Bakonzo jina la kuzaliwa huchagui. Binti wa kwanza wa mama ana jina lake, wa pili lake, na wavulana vilevile. Tumbo ndilo linalohesabu. Mtoto akifa anaondoka na jina lake. Halimshukii mdogo wake. Kwa hiyo ukinikuta na binti mmoja tu, na huyo mmoja anaitwa jina la binti wa pili, kama wewe ni Mkonzo huna haja ya kuniuliza. Unajua kuna mwingine. Kambini hakuna anayejua. Kwao ni jina tu, zuri, fupi.

Mjomba hakupenda sala ile. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu wa suti na kalamu mfukoni. Alikuwa akimkatiza: "Mama, huyo alikufa zamani, Mungu anaye tayari. Ombea walio hai, chakula kinapoa."

Bibi hakugeuka hata. "Mimi sijamuuliza Mungu nani yuko hai," alisema. "Namwambia niliowazaa."

Sasa mtoto wangu wa kwanza. Nitasema haraka.

Nilikuwa kidato cha nne. Aliyenipa mimba alisema si yeye, na wazazi wake wakasema ni kweli si yeye, na shule ikasema nirudi nyumbani. Mjomba, ambaye nilikuwa nakaa kwake mjini Kasese kwa ajili ya masomo, akasema nyumba yake ni ya mzee wa kanisa. Hakuongeza neno. Nikabeba godoro langu kwenda Karambi. Bibi aliliona lile godoro kabla hajaniona mimi, akasema, "Hilo lilikuwa linahitajika, langu limeisha." Hilo ndilo lilikuwa karipio lake lote.

Mtoto alizaliwa Bwera kabla ya wakati wake. Wauguzi walijitahidi, sina neno nao. Alipumua, alinyonya kidogo, akaacha. Mjomba alikuja, akasimama mlangoni pa wodi, akasema mambo mawili. Kwamba mtoto asiye na baba hana ukoo, na asiye na ukoo hazikwi kwenye ardhi ya ukoo. Na kwamba kuna mahali pa manispaa pa kuzikia wasio na watu, atashughulikia. Bibi akasema, "Haya." Mjomba akaenda zake kwenye kikao.

Bibi akafungua kitenge chake cha sokoni, akamfunga mtoto ndani, akamweka kifuani, tukatoka nje tukapanda boda. Mwenye boda aligeuka akatutazama, akamwambia, "Mama, funika mutoto kichwa, jua iko kali." Bibi akamfunika. Akasema, "Asante, mwanangu." Tukaenda mpaka Karambi hivyo.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Hata kushika jembe la kaburi hashiki. Bibi alichimba. Chini ya kibanda cha jiko, kwenye kahawa, pale ambapo kilima kinatulia kidogo kabla ya kushuka tena. Rafiki yake wa kanisani, jirani wa ng'ambo ya kijito, alikuja na jembe la pili bila kuulizwa, wakachimba wawili, vikongwe, wakigombana kuhusu urefu. Halafu Bibi akampa mtoto jina lake, la binti wa kwanza, kwa sauti, akatazama juu akasema: "Umesikia. Usije ukasema hukuambiwa."

Hapakuwekwa jiwe wala msalaba. Mjomba hakuuliza, na hakuna aliyemwambia. Nilipoolewa na kuzaa tena, ikawa binti tena, Bibi akasema jina, la pili, mbele ya wote kanisani. Nilimwona mjomba akitazama viatu vyake. Alijua kuhesabu.

Huo ndio msiba niliouendea. Mume wangu alisema atakuja akipewa ruhusa, hakupewa. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashuka gari Bwera katikati ya kelele za wabadilisha fedha na boda, nikapanda boda mpaka Karambi. Nilipofika, hema lilikuwa limesimama, sufuria ziko motoni, wanawake wanaimba. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba nikanawe miguu. Ndipo nikasikia majembe.

Vijana walikuwa wanachimba chini ya jiko. Kwenye kahawa.

Walikuwa wamefunga kamba kwenye vijiti, pembe nne, wakakata mti mmoja wa kahawa upande wa juu, na ndani ya kamba wameshafika kwenye magoti. Nilijua mahali pale kama ninavyojua ulimi wangu. Kamba ilipita juu yake. Walikuwa wameanzia upande wa chini. Upande wa juu ulikuwa bado majani.

"Simameni," nikasema.

Mmoja akacheka. Alikuwa kijana wa boda kutoka Bwera. "Madam, kaburi haisimami. Mchungaji iko njiani."

"Nani kawaambia hapa?"

"Mzee. Pale juu kwenye kaburi ya babu mvua ilikula ukingo, hakuna nafasi. Na wanataka kuweka saruji na vigae, lazima mahali iwe sawa."

"Tokeni kwenye shimo."

"Aah, huyu ni muke ya askari," mwingine akamwambia mwenzake. "Anatupa amri. Ndiyo afande!" Akapiga saluti na jembe. Wakacheka wote, ila hawakutoka. Nikaingia ndani ya kamba, upande wa majani, nikakaa chini. Mtoto mgongoni. Wakaacha kucheka, mmoja akakimbia kumwita mjomba.

Mjomba alikuja na suti yake nyeusi, na nyuma yake nusu ya waombolezaji, kwa sababu watu wanajua harufu ya ugomvi. Aliongea polepole, kama anaongea na mgonjwa.

"Mwanangu, inuka. Tunaelewa una uchungu."

"Sina uchungu. Mtoto wangu yuko hapa."

"Mtoto wako si uko naye mgongoni?"

"Yule wa kwanza."

Akatazama watu, akanitazama. "Huyo alizikwa Bwera."

"Hakuzikwa Bwera. Yuko hapa nilipokaa."

"Nani alimzika hapa bila mimi kujua?"

"Mama yako."

Kuimba kulikuwa kumekwisha kitambo. Nilisikia tu sufuria moja inachemka.

"Mwanamke hachimbi kaburi," mjomba akasema.

"Alichimba."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu amelala pale hawezi kusema." Akaanza kupandisha sauti. "Ardhi hii ni ya ukoo wa baba yangu. Wewe mwenyewe si wa ukoo huu, wewe ni wa baba yako, popote alipo. Na huyo mtoto alikuwa wa nani? Tuambie leo, watu wote wapo. Wa nani?"

Nilitaka kumjibu vizuri. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeandaa maneno, nikifua, nikipika, maneno makali sana, yamepangwa. Hakuna lililokuja. Nikakaa tu kama gunia, na mtoto akanivuta sikio.

Mjomba akadhani ameshinda. Akawaambia vijana, taratibu, "Chimbeni. Mkikuta kitu, mtakitoa, tutakipeleka mahali pake."

Kitu.

Yule kijana wa saluti hakuinua jembe. Akasema, "Mzee, mimi sichimbi juu ya mutu. Mimi naendesha boda usiku, sitaki kupata ajali."

"Basi mhamishe shimo," mwanamke mmoja akasema.

Wazee wawili wakaguna pamoja. Kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu. Wote walijua. Ukilihama, lazima uzike ndani yake mgomba, uulaze kama mtu, uufukie, la sivyo shimo litatafuta mtu wake mwenyewe.

"Tuzike mgomba basi," mmoja wa wale wazee akasema. "Iko mingi."

"Mgomba?" Mjomba akageuka. "Katika nyumba ya mama yangu? Mwanamke aliyefagia kanisa maisha yake yote, mimi nizike mgomba mbele ya mchungaji? Hayo ni mambo ya kipagani."

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Sikupiga kelele. Nilisema kama naomba chumvi. "Kwa mtoto wangu ulikuwa Mkonzo, mjomba. Sasa kwa shimo umekuwa Mkristo. Chagua kimoja, tukae nacho."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mjomba alininyooshea kidole, na sijui angesema nini, kwa sababu rafiki ya Bibi, yule wa ng'ambo ya kijito, alikuwa amewasili na fimbo yake, anapita katikati ya watu akiwagonga miguu.

"Nipisheni. Nani analia njaa huku?"

"Mama, kaa na wenzako kwenye hema," mjomba akamwambia. "Hii ni kazi ya wanaume."

"Ya wanaume." Akalitazama shimo. "Nyinyi mnachimba vibaya, mmepinda. Sisi tulichimba wima. Mimi nilishika jembe la pili, kama unatafuta mtu wa kulaumu. Mama yako alitaka kuishia kwenye kiuno, nikamwambia ongeza, mbwa watafukua. Akaongeza akinitukana." Akamgeukia mjomba. "Wewe nimekuosha matako pale kijitoni. Ulikuwa unahara kama bata. Leo unauliza mutoto ni ya nani? Mama yako alisema ni wake. Unataka nini kingine?"

"Mama, si hivyo, kuna utaratibu..."

"Utaratibu ni huu. Shimo limefunguliwa, halihamishwi. Sawa. Nani kasema haliongezwi?" Akapiga fimbo chini, upande wa bondeni. "Chimbeni kwenda huku. Mkipata urefu wenu huku, ule udongo mnaoutoa mnajazia kule juu mlikofikia, karibu na huyu mjinga aliyekaa. Shimo ni lile lile. Hakuna mgomba. Mchungaji hatajua, na Mungu hatauliza."

Wachimbaji walitazamana. Mmoja akapima kwa macho. "Inawezekana," akasema. "Ila vigae vitakuwa upande. Haitakuwa sawa na nyumba."

"Yeye alikuwa sawa na nyumba siku gani?" kikongwe akasema.

Barabarani tukasikia gari la mchungaji likipanda, na nyuma ya milima wingu lilikuwa limeshakaa, lile jeusi la mchana. Mjomba akatazama gari, akatazama wingu. Hakunitazama mimi. Alisema tu, "Fanyeni haraka," akaenda kumpokea mchungaji, akifunga kifungo cha koti.

Sikuinuka mpaka kamba ilipong'olewa na kufungwa upya. Yule kijana wa boda aliniambia, "Dada, tumeona sasa, hatutamgusa, nenda ukale." Sikwenda kula. Nilibaki nikiangalia kila jembe linapotua. Mtoto alilala mgongoni, akaamka, akalala tena.

Mazishi yalikwenda kama mazishi. Mjomba alisoma maisha ya mama yake, akasoma vizuri, ana sauti. Alisema ameacha watoto wangapi walio hai na wajukuu wangapi walio hai. Mimi nilikuwa nasikia hesabu tu, kama mtu anasoma bei. Rafiki ya Bibi alikuwa amekaa mbele. Mjomba alipofika kwenye watoto, kikongwe akakohoa. Kwenye wajukuu akakohoa tena. Mchungaji akamwagizia maji.

Jeneza liliposhushwa, watu walilia. Mimi niliangalia umbali uliobaki kati ya jeneza na pale alipo mtoto wangu. Ulikuwa mdogo, kama wa watu wanaolala kitanda kimoja lakini mmoja ana joto hapendi kuguswa. Nikawaza hivyo, nikaona ni wazo la kijinga kwenye mazishi, na hilo pia halikunifanya nilie wala nicheke. Nikatupa udongo wangu. Mvua ikaanza, watu wakakimbilia hema.

Sijui kama nimeshinda kitu. Watu wa kwetu sasa wanasimulia kwamba nilikaa kwenye kaburi la bibi yangu nikazuia mazishi, na wanaongeza mambo: eti nilikuwa na panga, eti mume wangu alituma wanajeshi. Dada mmoja wa kanisani amenitumia ujumbe kwamba ananiombea nipate roho ya kusamehe. Sijamjibu. Nimesamehe nini? Hakuna aliyeomba. Kinachonikera zaidi si hata mjomba. Ni kwamba Bibi alijua kila kitu na akasema "Haya" maisha yake yote. "Haya" kwa mume, "haya" kwa mchungaji, "haya" kwa mwanawe, halafu anageuka anafanya alichotaka, kimya, na sisi wengine tunabaki kukieleza kwa sauti mbele za watu. Nampenda. Nina hasira naye. Vyote viwili havinitoi machozi.

Juzi mjomba alinipigia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilidhani ni ugomvi, nikatoka nje ili jirani asisikie.

Hakusalimia. "Fundi wa saruji yuko hapa," akasema. Nilisikia kweli koleo likikwaruza nyuma yake. "Anauliza upande ule wa juu asimame wapi."

"Kwenye ule mti wa kahawa," nikasema.

"Huo tulishaukata."

"Kisiki chake kipo?"

Akatembea. Nilisikia pumzi yake, ni mzito siku hizi, na nyasi. "Kipo. Kimechipua."

"Asivuke kisiki."

"Asivuke kisiki," akarudia, si kwangu, kwa fundi. Halafu akarudi kwenye simu, akapunguza sauti. "Na yeye... tumwekee saruji? Fundi anasema itabaki kidogo."

"Hapana. Bibi hakumwekea."

"Haya," mjomba akasema, akakata.